Uzito wa Gari ya Ami

Mwaka ule wa njaa, nami kitoto bado, tulikula makopa ya muhogo asubuhi na jioni, mchele tukiuota tu. Juzi nilimwona mjukuu wangu akipakia gunia la mchanga kwenye gari yake ya mbio, mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kovu la kidevuni.

Ami yangu alikuwa na gari kuukuu, inanguruma kama ng'ombe anayechinjwa. Alikata springi ilale chini, isipinduke kwenye mashindano ya kuzunguka mapipa kule Vitongoji. Yeye alikaa kulia, kushoto kukawa kwepesi, akanipakia huko.

"Kaa hapo, mwanangu, usitikisike."

Nikajiona bibi harusi. Kumbe nilikuwa uzito tu, magunia yote yalijaa karafuu, halikubaki hata moja la kutia mchanga.

Tukazunguka, matairi yananuka moto, tukamshinda bwana mmoja mkubwa wa mjini. Akaja na rungu, akampiga ami mdomoni, meno mawili yakamwangukia ami mapajani.

"Gari hii naichukua. Shuka, kitoto."

"Sishuki mie. Ami kanambia nikae."

Akanivuta mguu, kidevu kikapasuka mlangoni. Nikamng'ata mkono mpaka damu yake ikanijaa kinywani. Watu wakamcheka, kang'atwa na kitoto cha kike, akaondoka anachuruzika. Gari kaiacha.

Basi juzi nikaingia garini mwa mjukuu, nikakaa kushoto.

"Bibi, shuka, nataka kufunga gunia."

"Sishuki mie. Ami kanambia nikae."