Kinyozi Aliyejua Bei Zote

Mtaani hakuna aliyemwita kinyozi yule kwa jina lake. Aliitwa Itashuka, na kosa ni lake mwenyewe. Mtu akikaa tu kwenye kiti chake na kusema anafikiria kununua kompyuta, kinyozi huzima mashine ya kunyolea, akanyoosha kidole na kusema, "Usinunue sasa. Subiri. Itashuka." Basi hapo umekwisha. Utaambiwa kwamba ya mwaka huu ni ile ile ya mwaka jana, imebadilishwa rangi ya kifuniko tu. Utaambiwa memori wameigandisha ndani makusudi, usiweze kuiongeza. Utaambiwa ile ya bei ya kati imepunguzwa ubora kwa sababu moja tu, uione ile ghali kuwa ina nafuu. "Wanakupiga changa la macho," anasema, "na wewe unatoka dukani unacheka." Nani angebishana naye? Wembe uko shingoni.

Na si kwamba alikuwa mwongo, tumpe haki yake. Mambo ya kompyuta aliyapenda kwa dhati, akayasoma mpaka macho yakamwasha, na mara nyingi alichosema kilikuwa kweli. Tatizo ni kwamba mwenyewe hanunui! Miaka nenda miaka rudi nyumbani kwake ilikuwepo kompyuta moja kuukuu, skrini ina ufa, feni inavuma kama mashine ya kusaga. Hiyo ndiyo binti yake wa pekee aliyojifunzia kuchora ramani za nyumba. Mwaka jana chuo kilitaka michoro ya majaribio kabla ya kutoa nafasi. Binti akaomba mashine yenye nguvu. Baba akasema toleo jipya linakaribia kutoka, la zamani litashuka, avute subira kidogo tu. Likashuka kweli, tena sana, lakini chuo kilikuwa kimeshafunga milango. Mwaka huu nafasi zikafunguliwa tena, na safari hii hakuomba chochote.

Hapo ndipo machale yalipoanza kumcheza kinyozi. Mbona haombi? Halafu ile feni ikanyamaza kabisa, ilhali kipanya kinasikika kikibonyezwa ndani ya chumba kilichofungwa kwa ufunguo. Akamuuliza mkewe.

"Labda anajisomea," mke akajibu, huku anasugua sufuria ambayo ilikuwa imeshang'aa. Mama yule hajui kudanganya. Akidanganya, huosha vyombo.

Kisha akaja muuza kompyuta wa ng'ambo ya barabara. Hawa wawili hawakuwa wanasalimiana vizuri, maana Itashuka alikuwa anamfukuzia wateja waziwazi. Leo kavuka barabara, eti kaja kunyolewa. Kunyolewa! Mtu mwenye upara! Akakaa, akatabasamu, akakataa chenji yake. Alipofika mlangoni akageuka na kusema, "Una binti mwerevu sana, mzee mwenzangu."

Damu ikamchemka kinyozi. Huyu kamjulia wapi binti yangu? Akaunganisha mambo: sufuria, mlango uliofungwa, lile tabasamu. Mwanamume gani anampa msichana kompyuta bure? Na katika biashara ile hakuna cha bure, si yeye mwenyewe anayelihubiri hilo kutwa? Akamwacha mteja aliyefuata kichwa nusu, povu linamkaukia shavuni, akashika njia ya nyumbani mchana kweupe. Njiani akayapanga maneno. Atauliza: nani kakupa? Na anataka nini kwako?

Akausukuma mlango, na siku hiyo haukuwa umefungwa. Binti alikuwa mezani, na mbele yake mashine nyembamba ya kijivu, skrini pana, safi, haina hata mkwaruzo. Akaruka, akavuta shuka aifunike, lakini wapi. Kinyozi akafungua kinywa.

"Bei gani hii?"

Ilimtoka yenyewe. Binti akaitaja bei, taratibu, bila kuinua macho.

"Loo! Wamekuibia! Ungesubiri mpaka mwezi ujao..."

"Najua, baba. Wewe ndiye uliyenifundisha. Nimezunguka maduka yote, nimelinganisha bei zote. Memori haiongezwi, najua. Na itashuka, hilo nalo najua."

"Sasa?"

"Sasa niliihitaji kabla chuo hakijafunga milango tena. Mwaka mzima nimewachorea watu ramani za vibanda vyao kwa ile mbovu, wakanilipa, na mama akanijazia palipopungua. Nikaenda kwa yule mzee wa ng'ambo nikanunua, kama mteja mwingine yeyote."

Kinyozi akapata nafuu, halafu aibu, na juu ya aibu hasira kidogo. Akatafuta pa kushika. "Na michoro ya chuo je? Muda si unayoyoma? Hebu ilete niione."

"Nimeshaituma. Wiki iliyopita wamenijibu." Binti akaikunja ile shuka. "Nimepata, baba."

"Mama yako anajua?"

"Anajua."

"Na yule mwenye upara?"

"Nilipita dukani kumshukuru, nikamwambia."

Mtu mzima mzima, anayejua kompyuta zitakazotoka mwaka kesho na zitauzwaje, hakujua kwamba mwanawe kaingia chuo. Ilimchoma, na hapakuwa na mtu wa kumlaumu. "Mimi kwa nini sikuambiwa?" akauliza, na sauti ilikuwa imeshuka.

"Nimejaribu mara nyingi. Lakini ningesema nimepata, ungeuliza nimechora kwa kitu gani. Ningekuonyesha, ungeuliza bei. Nilitaka nifurahi kwanza, baba. Hata wiki moja tu, kabla sijaambiwa nimeibiwa."

Alitaka kubisha, aape kwamba asingeuliza. Akakumbuka alivyoingia, na alichouliza. Akaketi kitandani, mikono ingali na nywele za mteja.

"Hongera, mwanangu," akasema.

Binti akaendelea kumtazama mdomoni, akingoja maneno yatakayofuata.