Magazini Ndefu kwenye Bastola Fupi

Kazi yangu katika kikundi chetu cha maigizo ni daftari. Naandika vifungo vingapi vya shati vilikuwa wazi, kikombe kilishikwa mkono gani, nani alisimama mlangoni, ili tukirudi mbele ya kamera baada ya Adhuhuri mtu asitokee na kofia nyingine. Wenzangu huniita malaika wa bega la kushoto, yule anayeandika makosa.

Safari hiyo tulikuwa tunatengeneza mchezo wa kuonyeshwa Sikukuu, kwenye ua wa nyumba ya mawe Mji Mkongwe. Jambazi alikuwa mzee mmoja, askari mstaafu aliyetunza ghala la silaha kwa miaka mingi. Inspekta alikuwa bibi anayeuza urojo kwa bakuli, na meza yake iko mkabala na baraza anayokaa mzee huyo kila alasiri. Mwisho wa mchezo inspekta anaishiwa risasi. Anampokonya jambazi magazini, kile kisanduku chembamba cha risasi kinachochomekwa ndani ya mpini, anaitia kwenye bastola yake na kumkamata.

Barazani walikwishapata habari za mwisho huo.

"Afande," mmoja wao alimwuliza mbele yangu, "siku hiyo utakula urojo kwanza, au pingu kwanza?"

Mzee alicheka kama mtu aliyebanwa na kiatu. Kukamatwa na muuza urojo, tena Sikukuu, barazani pangekalika vipi?

Bastola zetu zilikuwa za kuchezea, za plastiki, tumezinunua kwa Mhindi mmoja anayeuza vitu vya watoto, na sheha wa mtaa alikuwa na habari. Zilikuwa za aina moja, kubwa na ndogo. Kubwa ya jambazi, ndogo ya inspekta kwa kuwa iliingia kwenye mkoba.

Asubuhi ya kupiga picha mzee alikuja mpole kupita kawaida.

"Mwanangu," alimwambia bibi wa urojo, "inspekta hawezi kushika kitu kama kibiriti. Chukua hii kubwa. Mie mtu mzima, ndogo inanitosha."

Sote tulimsifu. Bibi peke yake aliuliza, "Leo Afande kaota nini?"

Tukaanza. Inspekta akapokonya magazini ya ile bastola ndogo, akaichomeka kwenye kubwa. Ikazama ndani ya mpini, haikushika, na alipoinua bastola ikaanguka sakafuni. Tukarudia mara tatu, ikaanguka mara tatu. Nikaandika.

Mzee akatikisa kichwa kwa huzuni. "Ndo ukweli wa silaha, jamani. Magazini ya bastola hii haikai kwenye ile. Wanaojua watatucheka. Bora jambazi aruke ukuta, mambo yaishe kwa heshima."

"Heshima ya nani?" bibi akauliza.

"Ya mchezo."

Mwongozaji wetu, ambaye humwamini mzee katika kila jambo la polisi, akaomba kalamu abadilishe mwisho.

Walipokwenda kusali nilibaki na bastola zote mbili mapajani. Nilizijaribu kwa mpango, kama ninavyofanya kila kitu. Magazini fupi kwenye bastola kubwa haifiki pa kushikia. Ila nilipotia ndefu kwenye bastola ndogo iliingia, ikalia ta, ikashika barabara, na mkia wake ukabaki nje chini ya mpini kiasi cha pingili ya kidole. Mzee alikuwa ametupa nusu ya ukweli, na mtu aliyelala na funguo za ghala la silaha hasahau nusu ya pili.

Nilimwambia bibi tu. Alicheka bila sauti mpaka mabega yakatikisika. "Usiseme kitu," akaniambia.

Mzee aliporudi alimkuta amesimama mlangoni.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba."

"Hii kubwa nshachoka nayo, mkono wangu umezoea upawa. Nirejeshee ile ndogo yangu."

"Lakini magazini—"

"Nnajua, haitokaa. Basi tupige mara moja tu, kila mtu aone kuwa wewe mkweli."

Hapo hakuwa na pa kupenya. Alimtazama, akanitazama mie, akalitazama daftari, kisha akampa.

Inspekta akampokonya ile ndefu na kuichomeka. Ta. Mkia ukaning'inia nje.

"Mikono juu, Afande," akasema. Kwenye maandishi ilikuwa "jambazi", lakini hakuna aliyemkatiza.

Mwongozaji alisimamisha kamera. "Mzee, hata za kweli huwa hivi?"

Mzee aliutazama ule mkia uliobaki nje. Nadhani alikuwa akipima lipi zito, aibu ya barazani au heshima ya ghala lake.

"Huwa hivi," akasema. "Za aina moja, ndefu huingia kwenye fupi. Fupi haishiki kwenye ndefu."

"Mbona hukutwambia?"

"Hukuniuliza hivyo."

Yakabaki maneno yake ya mwisho, "Nimekamatika." Mara ya kwanza aliyasema chini mno. Mara ya pili aliuelekea ukuta. Ya tatu alikohoa. Ilipofika ya sita bibi alimsogelea na kumrekebisha kola ya shati kama mtoto wa chuo cha Kurani.

"Sema, Afande. Watu wangu wa urojo wananingoja."

"Hao hao ndio ninaowaogopa," akajibu, na ya saba akasema.

Nikaandika: mara ya saba, sauti safi, mikono imefungwa mbele. Nyuma alikataa katakata. Alitaka apelekwe huku kofia yake ameishika mwenyewe.