Magunia ya Chini

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Ghala hakunipa kiti wala kalamu. Nilimkuta mlangoni, mzee mfupi mwenye vumbi la mahindi mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti. Ingia, kagua, kisha uje uniambie umeona nini."

Nilizunguka ghala lote, hapa Kigoma mjini, si mbali na reli. Nikarudi nikamwambia nimeona magunia ya mahindi yamepangwa vizuri.

"Hujaona kitu. Rudi. Safari hii pita kati ya magunia na ukuta."

Nilipita kwa ubavu, nikatokea upande wa pili na utando wa buibui kichwani. Ndipo akanieleza kwamba magunia yakigusa ukuta, unyevu unaingia kwenye nafaka, na mkaguzi hana pa kupita. Sakafuni nako gunia haliwekwi. Linakaa juu ya chaga, yaani fremu za mbao zinazoruhusu hewa kupita chini. "Haya mahindi ni ya siku mbaya," alisema. "Siku hiyo hakuna atakayekuuliza kama ulichoka."

Kwake nilijifunza kutumia bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji ndani. Unalichoma gunia, punje zinateremka kiganjani, unazitazama, unazinusa, unazing'ata. Punje kavu hukatika kwa mlio. Nilijifunza pia kufukiza ghala dhidi ya dumuzi, mdudu anayeweza kugeuza gunia zima kuwa unga usiofaa hata kwa kuku.

Baadaye nilihamishiwa Kasulu, chini ya Afisa Kilimo, mama mkali asiyependa kukaa ofisini. Aliniambia, "Ghala la serikali liko mbali na jiko la mtu. Nenda kwenye majiko." Basi nikawa nazunguka nyumba kwa nyumba. "Mwakeye," nawasalimu kwa Kiha chetu, nakaribishwa, naanza kazi. Niliwafundisha kina mama kukausha maharage na makopa ya mihogo mpaka yakauke kweli, kuyajaza kwenye dumu hadi mdomoni ili wadudu wakose hewa, na kula ya zamani kwanza. Kwa asiye na kipima unyevu, chupa kavu na chumvi kavu vinatosha. Tia punje, tikisa. Chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi bado mabichi.

Niliporudi Kigoma, sasa mimi mwenyewe nikiwa Mkuu wa Ghala, niliendelea na masomo hayo Ujiji kila Jumamosi. Mwanafunzi wangu mbishi kuliko wote alikuwa Zaituni, mchuuzi wa dagaa pale Kibirizi, ambaye wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo.

"Mama Neema," alisema mbele ya wenzake, "mimi nikitaka chakula natembea hadi sokoni. Dumu la nini?"

Wakacheka. Nami nikacheka, lakini dumu nikamwachia.

Sasa nieleze kosa langu, maana vijana mnaoingia kazi hii mtalihitaji kuliko sifa zangu. Msimu mmoja mzigo ulifika mvua ikinyesha, na chaga hazikutosha. Makuli walikuwa wamelowa na wamechoka. Nikasema tandikeni turubai, magunia yaliyobaki yapangwe juu yake, kesho tutahamisha. Kesho hiyo haikufika. Kazi nyingine zikaingia, nami nikajifanya nimesahau.

Kisha zikaja mvua ambazo hazikukoma. Reli ikakatika. Ziwa likapanda likaingia kwenye nyumba za Kibirizi na Bangwe, na familia zikahamia kwenye madarasa ya shule. Meneja wetu, kijana niliyemzidi umri lakini mkubwa wangu kwa cheo, akaja ghalani asubuhi.

"Mama, fungua. Toa yote leo."

Nilichoma bambo kwenye magunia ya chini, yale niliyoyaacha juu ya turubai. Punje zilitoka na ukungu wa kijani.

"Haya hayatoki, Bosi. Yana sumukuvu."

"Si yatapikwa? Moto utaua."

"Moto hauiui hiyo sumu. Inaharibu ini, na watoto ndio wanaoumia zaidi."

"Na nikiulizwa yameharibikaje?"

Nilikuwa nimebakiza miaka michache kustaafu. Ningeweza kusema paa lilivuja. "Sema ni mimi," nikamjibu. "Niliyaweka sakafuni, nikayaacha."

Akavua koti. "Ya juu tunayapimaje?"

"Gunia kwa gunia."

Kazi ile ingechukua siku mbili, na watu walikuwa na njaa siku ileile. Nilienda Ujiji kwa miguu, nikamkuta Zaituni nyumbani kwake. Sikumaliza hata kueleza. Aliingia ndani akatoka na madumu matatu: maharage, makopa na dagaa waliokauka mpaka wanalia kama kokoto.

"Usinishangae," alisema. "Nilianza kwa kukukomoa, nione kama yataoza."

Alipiga hodi mtaa mzima, na madumu mengine yakatoka. Mchana ule masufuria yalichemka uani pa shule, Waislamu na Wakristo wakipokezana mwiko. Siku ya tatu mahindi yetu yaliyo salama yakafuata, na yakatosha mpaka reli ilipofunguliwa. Yale mabovu yaliteketezwa mbele ya Bwana Afya. Nilipewa barua ya onyo. Niliisoma, nikaona kila neno ni kweli, nikatia saini.

Sasa nimestaafu. Nikiulizwa ninajivunia nini, huwa sitaji ghala. Juzi nilitembelea nyumba ya jirani mpya hapa Ujiji, bibi harusi wa miezi miwili. Nilipomwona akijaza maharage kwenye ndoo, nikataka kumwelekeza. Akanizuia kwa adabu, "Subiri, bibi," akaongeza maharage hadi mdomoni, akafunga, kisha akanieleza kwa nini ndoo haitakiwi kubaki na hewa. Alieleza vizuri kuliko mimi. Nikamuuliza nani alimfundisha.

"Hakuna aliyenifundisha," alisema. "Si ndivyo watu wote wanavyofanya?"

Nilikaa, nikanywa chai yake.