Mtani Alipolala Kwenye Shimo Langu la Divai

Mwaka juzi divai yangu ya asali ilikufa mwezi wa kumi. Sisemi iliharibika, nasema ilikufa. Joto la Tabora kabla ya mvua unalijua kama umewahi kukaa hapa: usiku unageuza godoro, mchana unakuta ndoo ya maji uani ina moto wa kunyonyolea kuku. Chupa nilikuwa nimezilaza chini ya kitanda, nikidhani hapo pana ubaridi. Nyingine zikapasuka zikalowesha mkeka. Zilizobaki nilipoonja, uso ulijikunja mpaka masikioni. Siki tupu. Nikawa naitia kwenye kachumbari.

Watu wanachanganya divai na wanzuki. Wanzuki ni pombe ya haraka, leo unachanganya asali na maji, keshokutwa watu wanaimba. Divai unaiacha itulie miezi, machicha yashuke chini, mpaka uweke kidole nyuma ya chupa ukione. Shule niliiacha darasa la nne, lakini kazi hii naijua. Asali inatoka kwetu Usoke, ya mizinga ya porini, na siichanganyi na sukari hata unifunge kamba.

Mwaka jana mjukuu wangu, niliyemlea mwenyewe tangu ananyonya, akaleta mchumba. Kijana Mchaga, mpole, anakula kila unachompa. Wazee wao walipokuja kujitambulisha, baba yake mdogo akasema, "Harusini tutakuja na mbege yetu ya ndizi. Huku naona mna tumbaku na joto tu."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Halafu mdomo ukaniponyoka: "Mzee wangu, mbege iache Moshi. Siku hiyo utakunywa divai ya asali, na itakuwa ya baridi."

Harusi ilikuwa Desemba. Maana yake divai ilikuwa lazima ivuke mwezi wa kumi ikiwa hai.

Wageni walipoondoka mjukuu akaniuliza, "Bibi, umeahidi nini? Friji yetu hata samaki hailazi."

"Nimeshasema."

Akanionyesha kwenye simu yake chumba cha Wazungu kilichochimbwa chini ya nyumba, chupa zimelala ukutani kama watoto bwenini. Alinionyesha kunichekesha. Mimi nikaiangalia ile picha, nikamwambia, "Hilo si shimo? Basi kumbe ni shimo."

Nikamwita fundi wa Urambo, mtu aliyezeeka akijenga mabani ya kukaushia tumbaku. Nikamwambia wewe maisha yako yote umefungia joto ndani, sasa nifungie nje. Akafikiri, akasema ukuta ni ule ule. Mahali nilichagua mimi, katikati ya jiko na bafu, kwa sababu kuta mbili zinatupa kivuli pale kutwa nzima. Fundi akauliza maji ya bafu yanakwenda wapi.

"Yanakwenda chini," nikamwambia. "Ulitaka yaende juu?"

Akacheka, akashika sururu.

Udongo ulitoka mwekundu na mgumu. Majirani wakaanza kupita uani kwangu na salamu ndefu zisizo na sababu, macho yako shimoni. Hapa mjini mtu akichimba kupita kiuno basi anatafuta mali aliyozika Mjerumani. Nikawaacha wadhani.

Ndipo akaja mtani wangu. Huyu ni jirani yangu, Mzaramo, mwanamke mnene wa umri wangu. Babu zetu walibeba mizigo njia moja, kutoka huku mpaka pwani, na huko ndiko walikoanza kutaniana na kunyang'anyana chakula. Sisi tumeendeleza. Mtani msibani ana haki yake: anaweza kuingia kaburini akalala, na maiti haizikwi mpaka apewe kitu.

Alisimama ukingoni akatazama. Akafunga khanga kichwani, akashuka kwa ngazi ya fundi, akajilaza chali kule chini na kuanza kulia.

"Jamani Mnyamwezi wangu. Umekufa hujanirudishia sufuria yangu. Ulikuwa mchoyo, lakini ulikuwa wetu."

"Toka huko, tunataka kujenga," nikamwambia.

"Marehemu hasemi. Nileteeni jogoo, la sivyo hazikwi mtu."

Fundi alikaa chini kwa kicheko. Mjukuu wangu akaenda kweli kumkamata jogoo. Mara kilio kikakatika. Mtani akakaa, akajishika makalio, akanusa mkono wake.

"Wewe marehemu," akaniambia, na sauti haikuwa ya utani tena. "Hapa chini pamelowa. Na panaua kwa harufu ya sabuni yako ya mche."

Fundi akashuka, akabonyeza udongo wa upande wa bafu. Maji yakatoka kama kwenye kitambaa kilicholowa. Miaka yote tunaoga, na maji yetu yalikuwa yamekaa pale pale yanasubiri. Kama tungejenga tofali, ukuta ungelainika na divai ingeoga na sisi. Nilisimama nikiwaza baba mdogo wa Moshi na kicheko chake. Nikaona niite watu tufukie.

"Ufukie nini?" mtani akasema. "Nimelowa bure? Hamisha maji."

Fundi akachimba mfereji, akalaza bomba kutoka bafuni mpaka kwenye migomba. Shimo tukaliacha wazi likauke, na muda wote huo nyumba yangu nzima ilikwenda kuoga kwa mtani. Alilalamika kila siku kwamba Wanyamwezi tunamaliza sabuni. Mlango hakuufunga hata mara moja. Jogoo alimla.

Udongo ulipokauka fundi akajenga kwa tofali za kuchoma, akafunika kwa zege na udongo juu yake, akaacha bomba mbili za kupumulia na mlango wa mbao wa kufunua juu, nami nikashusha chupa mpya. Mwezi wa kumi ulikuja na moto wake. Nilikuwa nashuka mchana nikiweka shavu kwenye chupa. Baridi. Mvua zilipoanza nikawa napapasa sakafu kila asubuhi. Kavu.

Siku ya harusi nilimimina mwenyewe. Baba mdogo akainua glasi kwenye mwanga, akanywa, akaisogeza nimwongeze.

"Mama, hii imetoka friji gani?"

"Imetoka ardhini."

Akataka kupaona. Kufika, mtani wangu kaketi juu ya mlango na gauni lake la kujia harusini. Divai haigusi, ni Mwislamu wa swala tano, lakini kaburi alisema ni lake. Mgeni haingii bure. Mzee wa watu akajipapasa, mwisho akavua kofia yake akampa. Mtani akaivaa, akampisha.

Mzee akashuka, akakawia. Mjukuu wangu akaja na shela lake akilishika lisiguse tope, akisema watu wa picha wanamngoja baba mdogo. Nikainama mlangoni nikamwita.

"Naomba nikae kidogo, mama," akajibu kutoka chini. "Huko juu joto."

Mbege aliyokuja nayo, pamoja na kumkataza kwangu kote, ilikuwa bado kwenye gari, inachemka juani. Nikamwambia mjukuu wangu waanze kupiga picha za upande wetu.