Siagi ya Mgongoni mwa Punda

Siku moja naikumbuka mpaka leo, Mwanangu, na nikiikumbuka nacheka peke yangu. Nilikuwa mke mpya hapa Garbatulla, na jioni hiyo wazee walikuwa wanakuja kumposa wifi yangu. Sisi Waborana, posa haizungumzwi kabla wazee hawajatafuna buni zilizokaangwa kwa samli, na nyumbani hatukuwa na samli hata ya kupaka kidole. Maji nayo yalikuwa yamekwisha. Mama mkwe mkono ulikuwa unamuuma, basi kazi zote zikaniangukia mimi. Kisima kiko mbali, na kusukasuka maziwa mpaka yatoe siagi ya kuyeyusha iwe samli ni kazi ya asubuhi nzima.

Nikaosha kibuyu, nikakifukiza moshi wa makaa vizuri kama nilivyofunzwa kwetu, nikatia maziwa ya mgando, kisha nikakifunga juu ya punda katikati ya mitungi ya maji.

Mama mkwe akashika kiuno. "Wee! Punda ndio atatengeneza siagi? Huo ni uvivu. Haraka haraka haina baraka, na leo utatuaibisha mbele ya wageni!"

Moyoni nilisema akili ni mali, nikamswaga punda kuelekea kisimani. Na njia yetu unaijua, mawe na mashimo matupu! Kila punda alipojikwaa, mimi nilifurahi.

Niliporudi, mama mkwe alikifungua kibuyu mwenyewe, akanusa kwanza. Siagi ilikuwa imeelea, donge kubwa la manjano.

"Ungeacha kufukiza, ningemwaga yote," akasema. "Umepunguza jasho, lakini kazi hujapunguza."

Jioni wazee walitafuna buni mpaka ndevu zikang'aa, wifi akaposwa, na mama mkwe akawaambia majirani kuwa ujanja ule ni wa nyumba yake. Lo! Nilitembea kijiji kizima kifua mbele.

Siku hizi njia za mkato mnazitafuta kwenye simu. Sikukatazi, Mwanangu. Ukiona njia rahisi, ifuate bila haya, na anayekuita mvivu mwonyeshe siagi. Ila ujue ni kipi ndani ya kazi hakifupishwi. Kibuyu kisichofukizwa huharibu maziwa, hata kikibebwa na ndege.

Mungu akurahisishie mazito, alijaze zizi lako, na kila atakayekucheka asubuhi, jioni ale kwako.