Ufa Uliokunywa Buluu

Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akisaga mawe na zege hadi vipande vikawa vyembamba kuliko unywele, kisha akavibandika kwenye kioo ili mwanga upite. Maabara nzima ilimwita Mama Wembamba, naye mwenyewe kiuno chake ni pipa. Utani huo alikwisha kuuzoea kama alivyozoea maumivu ya bega.

Asubuhi ile kipande kilitoka kwenye nguzo ya wodi ya wazazi, jengo ambalo mdogo wake, fundi mwashi, alilisimamia tangu msingi. Chini ya hadubini nyufa zilikuwa zimetapakaa. Zikithibitishwa, wodi itafungwa na jina la mdogo wake litakwenda nayo.

Mkuu wa maabara alichungulia, akashusha pumzi. "Mama, siku hizi mkono wako unatetemeka. Pengine nyufa umezitia wewe wakati wa kusaga. Ukikubali, tunaandika kipande kimeharibika, yanaisha."

Mama Wembamba alichoka kiasi kwamba neno "ndiyo" lilimfika ulimini. Badala yake alitoka hadi koridoni, ambako mdogo wake alikuwa amekaa tangu saa mbili, kofia mapajani, masikio mlangoni.

"Dada, si useme tu mkono uliteleza? Nani atakulaumu? Uzee ni uzee."

"Njoo utazame, kijana."

Akamfuata ndani, akainama kwenye hadubini. "Naona mistari ya buluu."

"Kabla sijakata, zege nililinywesha gundi ya buluu. Ufa uliotoka na nguzo hunywa gundi. Ufa wa mkono wangu huja baadaye, haunywi kitu, hubaki mweupe. Nitafutie mweupe hata mmoja."

Alitafuta sana, akisogeza kioo kidogo kidogo kama mtu anayepapasa mfuko uliotoboka.

"Saruji yangu ilikuwa safi," akasema hatimaye, bila kuinua uso.

"Saruji haina kosa. Ni kokoto. Zimo zinazogombana na saruji. Zikipata maji, zinavimba na kupasua."

"Kokoto nilizichagua mimi." Akainua uso. "Zilipatikana karibu."

Dada alivuta fomu, akaanza kujaza. Kalamu ilikuwa nzito kuliko jiwe lolote alilowahi kusaga.

"Andika wahamishe wazazi kabla mvua haijaanza," mdogo wake akasema, akivaa kofia. "Karatasi hiyo nitaipeleka mwenyewe."