Mkoba wa Kaizari

Mikoba ile niliibuni mimi. Mturuki mmoja tuliyefanya naye biashara hapa Guangzhou alinizawadia sarafu ya shaba ya Warumi wa kale, nikaipeleka Shiling kwenye kiwanda cha mikoba, nikachongewa kifungo cha mfano wake: kichwa cha kaizari, shingo nene, taji la majani, na jicho la mtu anayeona dunia nzima ni shamba lake. Wanawake wa Unguja waliigombania, na mimi nikapata jina.

Shoga yangu, tuliyekuwa tukilala naye chumba kimoja na kula sahani moja, akaipiga picha sarafu yangu. Akaenda kiwanda kingine cha hukohuko Shiling, akatoa mikoba ileile kwa bei ya chini, wateja wangu wote wakamfuata. Nilipomuuliza, alicheka.

"Kwani huyo kaizari babu yako?"

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilimchukia hata sauti ya kandambili zake, lakini usoni nilimchekea. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Msimu uliofuata akaja kunitambia. Safari hii kifungo kitaning'inia kwenye mnyororo, kaizari mbele, na nyuma mtu aliyechongwa upande wa pili wa sarafu.

"Waonaje, shoga?"

"Utapendeza," nikamwambia.

Mtu yule alikuwa amelika kwa mikono ya karne nyingi, amebaki kivuli chenye rungu. Lakini mafundi wa Shiling hawaachi kivuli. Kilichofutika hukichora upya. Laoban wangu, tajiri wa kiwanda, aliwahi kunichorea: mungu wa Kirumi, kasimama uchi wa mnyama, hakuna kilichosahauliwa. Nikamwambia bu yao, sitaki kabisa.

Shoga yangu, kwa haraka ya kuwahi Idi, hakukagua kitu. Kontena likatoka kiwandani moja kwa moja hadi bandari ya Nansha.

Mkoba wa kwanza alipewa mama mkwe wake huko Unguja, naye akaenda nao kwenye maulidi. Kifungo kikageuka mbele ya wanawake wote waliokaa mkekani. Shoga yangu alinipigia simu analia.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Sikumwonea huruma hata chembe. Usiku ule nililala vizuri kuliko miezi yote iliyopita.

Wateja wangu walirudi mmoja mmoja, wakiniita mwanangu, wakiniita dada. Niliwapokea kwa bashasha, nikawapandishia bei.